Kurasa Ambazo Babu Hakusomewa

Shuleni, Mvumi
16 Julai 2025

Shangazi Restuta,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha. Natumaini wewe na Babu hamjambo. Barua hii inakuja na Mzee William, dereva wa lori la shule, ambaye kesho anakuja Majengo kuchukua maharage yetu. Atakuachia kwenye kizimba chako cha sokoni. Naomba umsomee Babu yote, usiruke kitu, kwa sababu macho yake hayasomi tena na mimi siwezi kupiga simu. Simu ya matroni ni ya wagonjwa tu.

Jumamosi klabu ya historia ilikwenda Kolo, kule Kondoa, kuangalia michoro ya miambani. Ni watu wembamba, warefu, wamechorwa kwa rangi nyekundu, na vichwa vyao ni vikubwa kama vikapu. Rafiki yangu Anitha alisimama mbele yao akasema, "Hawa si watu. Hawa walishuka."

Nikamuuliza, "Walishuka kutoka wapi?"

"Juu huko. Kuna video niliiangalia likizo. Mtu gani ana kichwa kama hicho?"

Mwongoza wageni alikuwa nyuma yetu. Akasema, "Nyinyi mmenyolewa wote, ndiyo maana mkiona nywele za mtu mnadhani katoka sayari nyingine." Kisha akatueleza kwamba huenda waliochora ni mababu wa Wasandawe, na kwamba hakuna anayejua kwa hakika.

Kwenye basi nilimwambia Anitha kwamba anayesema wageni walitoka angani ndiye anayepaswa kuleta ushahidi. Nikasema pia kwamba ni kama kuwatukana watu wa hapa, kudhani hawawezi kuchora vizuri mpaka mtu ashuke. Anitha alikuwa anamenya karanga. Akaniuliza, "Na wewe mwezi ujao unapiga magoti mbele ya askofu. Una ushahidi gani?" Alisema kwa utani, akaendelea na karanga zake. Mimi sikuweza kuendelea na zangu.

Jumatatu, kwenye mafundisho ya kipaimara, nilimuuliza Mchungaji Sila: kama kuna viumbe wenye akili kwenye sayari nyingine, je, nao walianguka dhambini pamoja na Adamu? Maana bustanini hawakuwepo. Mchungaji alicheka hadi akavua miwani. "Hana, tumalize kwanza wa Dodoma." Darasa zima likacheka, nami nikacheka, lakini swali lilibaki limesimama palepale.

Shangazi, Jumapili tarehe 17 Agosti askofu atatuuliza kama tunaamini, na nitatakiwa kujibu "Naamini." Sitaki kulisema neno hilo bila kujua kama ni kweli. Sisemi kwamba Mungu hayupo. Nasema sijui. Babu amekuwa mwinjilisti miaka arobaini na amefundisha watu wengi. Namwomba aniruhusu nisubiri. Akikataa nitasimama mstarini, kwa sababu tangu mama afariki ni yeye na wewe mlionilea. Lakini nitakuwa nimesema uongo, na yeye atakuwa anajua.

Mwanao,
Hana

(Imepitiwa. Mzazi, mtoto yuko vizuri darasani. Maswali yamezidi kiwango. Matroni Violeth.)


Majengo, sokoni
20 Julai 2025

Hana mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata kwa Mzee William, pamoja na habari zote za mgongo wake.

Babu hajambo. Siku hizi anaona mwanga wa mlango tu, lakini sauti ya mtu anaijua kabla hajafika uani. Nimemsomea barua yako, ameipokea vizuri. Amesema endelea kusoma kwa bidii, na kikohozi kisipuuzwe.

Hayo ya watu wa angani nimemsimulia jirani yangu hapa, Dorothea, huyu muuza karanga. Anasema wakishuka Dodoma sasa hivi hakuna atakayeshangaa, watu watadhani ni wizara nyingine imehamia.

Mwanangu, mimi siku ya kipaimara changu nilikuwa nawaza viatu. Vilikuwa vya dada yangu, vinabana. Askofu akaniwekea mikono, nikasema naamini, viatu vikaendelea kubana. Sijafa. Kuna maneno mtu huyasema kwa ajili ya waliokaa mabenchi ya nyuma, na si dhambi kubwa. Kitambaa cheupe nimeshakipeleka kwa fundi.

Kula vizuri. Maharage ya shule yawekee chumvi mwenyewe.

Shangazi yako,
Restuta


Shuleni, Mvumi
23 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma mara nyingi pale ulipoandika kwamba Babu amepokea vizuri na amesema niendelee kusoma. Nilitegemea atakasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa hiyo utulivu wake ulinichanganya kidogo, kisha ukanipa nguvu. Naona amenielewa. Kitambaa usikirudishe, nitashonewa gauni la mahafali.

Jana nilikwenda kwa Mchungaji Sila nikamwambia sitasimama mstarini mwaka huu na kwamba Babu ameridhia. Akasema, "Mzee Methusela ameridhia? Methusela wa Ihumwa, aliyenifundisha mimi?" Nikasema ndiyo. Akasema jina langu litabaki kwenye orodha mpaka aone neno la Babu kwa maandishi. Naomba uniandikie kwa niaba yake mistari miwili tu.

Wiki hii Mwalimu Cornel ameanza mada ya asili ya binadamu. Aligawa ubao kwa mstari. Kushoto akaandika mageuko, kulia akaandika uumbaji, akasema mtihani wa taifa unauliza kushoto, mioyo yetu tuipeleke tunakotaka. Mwenzetu Edina akauliza, "Na wewe mwalimu, moyo wako uko wapi?" Akajibu, "Wangu unasahihisha madaftari."

Alituonyesha picha ya nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, ambazo watu, au karibu watu, waliziacha kwenye majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Kuna mstari wa nyayo ndogo kando ya mstari wa nyayo kubwa. Hakuna anayejua walikuwa wanakwenda wapi. Nilizitazama kwa makini, Shangazi. Sikuona kwamba zinamfukuza Mungu, wala sikuona kwamba zinamleta. Zinatembea tu. Nilichokiona ni kwamba nina jamaa wengi kuliko nilivyodhani.

Kuhusu uhai kwenye sayari nyingine, mwalimu alisema jibu la kweli kwa sasa ni "hatujui," na alilisema bila aibu, kama mtu anayetaja saa. Nataka kuweza kulisema hivyo.

Msalimie Babu. Mwambie asante.

Hana

(Imepitiwa. Mzazi, hili la orodha ya kipaimara mnalifahamu? Matroni Violeth.)


Majengo
27 Julai 2025

Hana,

Usiende kwa Mchungaji. Kama umeshakwenda, naona umeshakwenda, rudi umwambie ulikuwa na homa.

Barua ya ruhusa nitaandika, lakini Babu ana mafua na sitaki kumchosha. Kitu kimoja kimoja. Na usimwandikie mtu mwingine yeyote habari hizi. Nakuja kulishughulikia mwenyewe.

Restuta


Ihumwa
2 Agosti 2025

(Hana, ni mimi Iddy wa bajaji, jirani yenu. Mzee anasema, mimi naandika. Nimeonywa nisiongeze kitu.)

Mbukwa, mjukuu wangu Hana, nakusalimu kwa Kigogo chetu.

Mimi babu yako sijambo. Mafua sina, kama ulisikia nina mafua. Restuta yuko sokoni hadi jioni, nami nina mambo ya kukuuliza mwenyewe, ndiyo maana nimemkamata huyu kijana kabla hajawasha chombo chake.

Kwanza, ya furaha. Nimewaalika wazee wanne wa kanisa na kwaya ya akina mama. Tutakuja huko kwenye ibada, kisha turudi kula hapa nyumbani. Gerson, jirani wa ng'ambo ya reli, ametoa mbuzi. Nimewaambia wote kwamba huyu ni wa mwisho niliyemfundisha kwa macho yangu kabla hayajazima, kuanzia swali la kwanza la katekisimu hadi la mwisho.

Nina ombi. Mtakapoulizwa mtajibu wote kwa pamoja, na mimi sitakuona. Sema "Naamini" kwa sauti ya juu kidogo kuliko wenzako, niitambue.

Jambo la pili. Restuta ananisomea barua zako. Ananisomea habari za Kolo, kisha nasikia karatasi inageuzwa mara nne, halafu nasikia, "Hana anakusalimu, kikohozi kimepona." Mtoto anaandika kurasa nne za kikohozi? Macho yamekufa, lakini karatasi naisikia. Niandikie mimi, kupitia kwa Iddy, unieleze kurasa hizo zina nini.

Babu yako,
Methusela

(Hapo kwenye kikohozi mzee amecheka, lakini si sana. Iddy.)


Shuleni, Mvumi
6 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Babu ameniandikia kwa mkono wa Iddy. Hajui kitu. Ameniomba niseme "Naamini" kwa sauti ili aitambue.

Nilimwambia Mchungaji kwamba Babu ameridhia, kwa sababu wewe uliniandikia kwamba umemsomea. Sasa nimekuwa mwongo bila kukusudia. Leo namwandikia yeye mwenyewe. Nimekwambia mapema ili usikie kwangu kwanza.

Hana


Shuleni, Mvumi
6 Agosti 2025

Kaka Iddy, tafadhali msomee Babu kila neno, hata yale ambayo ungependa kuyaruka kwa heshima.

Babu,

Shikamoo. Kurasa zile zilikuwa na jambo ambalo nilidhani umeshalisikia. Nitalisema kwa ufupi. Sijui kama ninaamini, na kwa hiyo sitaki kupata kipaimara mwaka huu.

Hakuna aliyenidanganya wala kunishawishi. Ilianza Kolo, mbele ya michoro ya watu wa kale. Rafiki yangu alisema ni wageni kutoka sayari nyingine, nami nikamdai ushahidi. Akanidai na mimi wa kwangu. Nilitafuta. Nilisoma tena Injili ya Marko yote. Nilisali pia, Babu, nilimwomba Mungu kama yupo anisaidie kujua. Sikusikia kitu. Najua kutosikia si ushahidi kwamba hayupo, maana hata sayari zenye uhai, kama zipo, hatujasikia kitu kutoka huko. Lakini siwezi kusimama nikasema nimesikia.

Darasani tumeona nyayo za watu wa zamani sana, mkubwa na mdogo, wanatembea sambamba juu ya majivu. Mwalimu anasema wataalamu hawakubaliani waitwe watu au la. Nilitaka kukuuliza wewe ungesemaje.

Nisamehe kwa wazee wanne, kwaya na mbuzi. Sikujua wamealikwa. Wewe ndiye uliyenifundisha; nikibahatisha jibu la katekisimu, ulikuwa unasema, "Sema sijui, tuanze tena." Ndicho ninachosema.

Mchungaji nimemwambia umeniruhusu, nikiamini hivyo. Nitamwambia haikuwa kweli. Ukiniagiza nisimame, nitasimama na nitajibu kwa sauti utakayoisikia. Ila ujue kwamba neno utakalolisikia halina kitu ndani yake. Naomba uamue wewe.

Mjukuu wako,
Hana

(Imepitiwa. Sina la kuongeza. Violeth.)


Ihumwa
9 Agosti 2025

Hana,

Iddy amesoma juzi, uani, kwa sauti kama ya taarifa ya habari. Majirani walionyamaza ni wengi. Alipomaliza Babu aliomba maji, akanywa, kisha akaniita kwa majina yangu yote matatu. Tangu hapo hanisemeshi. Akitaka chai anamwambia Iddy, na Iddy ananiambia mimi, na mimi niko hapo hapo nimeshika birika.

Nilianza kwa kuruka mstari mmoja tu. Nilikuwa nakusoma vizuri, Kolo, Anitha, vichwa, na Babu alikuwa anatabasamu. Nikafika pale uliposema hujui. Nikamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anavyofanya Injili ikisomwa. Mdomo wangu ukakataa. Nikasema, "Anakusalimu." Uongo wa kwanza ulikuwa wa huruma, wa pili ulikuwa wa kuulinda wa kwanza, na wa tatu, ule wa barua yangu ya homa na mafua, ulikuwa wa woga mtupu.

Niliyemkosea zaidi si yeye, ni wewe. Nilikuandikia "ameipokea vizuri," nawe ukaenda kwa Mchungaji na neno langu mkononi. Uliomba ruhusa kama mtu mzima, nami nikakujibu kama mtoto.

Jumapili ya kipaimara siji. Ningeweza kukuandikia kwamba kuna mzigo wa alizeti, lakini ukweli ni kwamba naona aibu.

Restuta


Ihumwa
12 Agosti 2025

Hana mjukuu wangu,

Mbukwa. Ni mimi, mkono ni wa Iddy.

Nimekasirika. Nakwambia mapema ili usije ukadhani utulivu wangu ni kitu kingine, kama ulivyodhani mwanzo. Nimekasirika siku nne na leo ni ya tano. Kwanza nilikasirikia shule, kisha rafiki yako na karanga zake, kisha Restuta. Wewe nilikufikia jana, nikakuta hasira imepungua.

Umeniomba nikuruhusu. Siwezi. Ruhusa ya kuamini na kutoamini sijawahi kuwa nayo. Ningekuwa nayo, kanisa la Ihumwa lingejaa. Ila uwezo wa kukulazimisha useme uongo mbele ya askofu, huo ninao, umenipa mwenyewe kwenye barua. Sitautumia. Miaka arobaini nimewarudisha vijana waliokuja kutaka kipaimara ili wafunge ndoa Jumamosi. Walikuwa wanasema "naamini" haraka kuliko ninavyouliza. Niliwaambia warudi mwakani, na wengine hawakurudi. Nikikupitisha wewe kwa sababu ni wangu, na kwa sababu ya mbuzi, nitakuwa nimewadhulumu wale.

Lakini naumia, Hana. Usidhani siumii. Mimi naamini, na nilitaka uwe nacho nilicho nacho.

Siku nilipobatizwa nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba yangu aliniuliza, "Huyo Mungu wa misheni umemwona?" Nikamjibu sijamwona. Akasema, "Unamwacha wa babu zako ambaye nao hawakumwona. Tofauti ni nini?" Nikamwambia nataka tu kwenda. Jibu nililo nalo leo ni refu zaidi, lakini si zuri zaidi. Nikaenda. Baba alibaki zizini na ng'ombe, hakuja, na hatukuzungumza habari hiyo mpaka anakufa. Mimi nitakuja. Hutasimama mstarini, sawa, lakini hutakaa peke yako siku hiyo kama nilivyokaa mimi.

Restuta atabaki hapa. Wazee na kwaya nimemwachia yeye awaeleze, mmoja mmoja, na mbuzi amrudishe kwa Gerson kwa mkono wake.

Kuhusu watu wa sayari nyingine, Mchungaji Sila hakukujibu vizuri. Mimi pia sina jibu, ila nisingecheka. Na wale wa nyayo, mwambie mwalimu wako kwamba mkubwa anayepunguza mwendo ili mdogo amfikie, huyo ni mtu. Kama hawakupunguza mwendo, sijui.

Barua hii mwonyeshe Mchungaji. Akate jina.

Methusela

(Hana, mimi ni Mwislamu, mambo yenu ya kipaimara siyajui. Ila Jumapili sibebi abiria mwingine. Iddy.)


Shuleni, Mvumi
20 Agosti 2025

Shangazi Restuta,

Shikamoo. Nimeshukuru kwa barua yako. Nilikuwa na hasira, lakini niligundua kwamba hata mimi, nilipopata jibu nililolitaka, sikulichunguza. Mtu anayejisifu kwa kudai ushahidi alipaswa kushangaa kwamba Babu amekubali kwa sentensi moja. Kwa hiyo tulikosea wawili.

Natumaini kazi ya kuwaeleza wazee haikuwa ngumu sana. Babu anasema kwaya walikuuliza kama nimejiunga na dini ya watu wa angani, na kwamba ulijibu, "Bado anafanya usaili." Alilisema akicheka, na alisema "Restuta" bila majina mengine mawili, kwa hiyo nadhani sasa chai unaombwa mwenyewe.

Nakuandikia yaliyotokea Jumapili kwa kuwa hukuwepo.

Babu na Iddy walifika saa tatu kasoro, vumbi tupu. Iddy alikataa kuingia kanisani, akakaa kwenye bajaji mlangoni, lakini alikuwa anachungulia. Baadhi ya wasichana walinitazama. Matroni Violeth alikuja, nikadhani anakuja kunikaripia kwa kutovaa nyeupe. Akamsalimia Babu, "Shikamoo baba," akatuonyesha nafasi ya pembeni, safu ya tatu, karibu na dirisha, akaondoka.

Askofu alipouliza, wote walijibu kwa pamoja, "Naamini." Ilikuwa sauti kubwa. Mimi nilinyamaza. Sikujisikia shujaa wala mwenye dhambi. Nilisikia tu pumzi ya Babu, kwa sababu alikuwa ameizuia, kisha akaiachia.

Halafu akaninong'oneza, "Niambie wanavyopita." Basi nikawa namwambia. Mchungaji Sila alikuwa anasoma majina kutoka kwenye orodha, kwa alfabeti, na kila msichana anakwenda kupiga magoti mbele ya askofu. Nilimwambia Babu nani amevaa nini, nani anatetemeka, nani amekanyaga gauni la mwenzake. Anitha alikuwa wa pili. Nilimwambia kwamba huyo ndiye wa karanga, Babu akasema, "Huyo? Basi namwombea mara mbili." Baada ya kila jina alisema "Amina," polepole, kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia. Dorka, amina. Edina, amina. Niliona kwamba anafanya kazi. Ni kazi aliyoifanya miaka arobaini na alikuwa anaifanya kwa makini, bila kujali kwamba wale si wa kanisa lake na hakuwahi kuwaona.

Ikafika kwa Gladness. Alipiga magoti, akawekewa mikono, akasimama, Babu akasema amina. Kisha Mchungaji Sila alinyamaza kidogo. Jina langu lilikuwa limekatwa kwa kalamu, na ilimbidi atafute mstari unaofuata. Hakuna aliyeitwa. Hakuna aliyepiga magoti. Kanisa lilikuwa kimya, na katika ukimya ule Babu akasema, "Amina."

Sijui kama alidhani kuna jina limetajwa na yeye hakulisikia, au kama alijua alfabeti imefika wapi. Ningeweza kumuuliza. Alikuwa hapo, bega lake linagusa langu, na mimi ndiye ninayetaka kuhakikisha kila kitu. Sikumuuliza. Nimefikiri siku tatu na bado sitamuuliza.

Nilisubiri Mchungaji apate mstari wake. Kisha nikamwambia, "Sasa ni Jenipha, Babu."

Mwanao,
Hana